Arobaini ya Mzee na daftari lake la ng'ombe

Jumatano, mwisho wa Februari.

Leo tumemaliza arobaini ya Mzee. Wageni wametawanyika, masufuria yamerudi kwa wenyewe, na mezani limebaki daftari lake la jalada gumu ambalo mpaka sasa linanuka dawa ya josho. Kila mbuguma, yaani ng'ombe jike wa kuzaa, ana ukurasa wake: namba ya hereni, jina, jina la mama yake, tarehe aliyopandwa, tarehe aliyozaa, kilo za ndama. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mna mambo ya nyumbani. Ada. Mahari. Miwani ya mama watoto. Wengi tulidhani aliyachanganya kwa kubana karatasi. Ukiyasoma kwa mfululizo unaona kwamba zizi na nyumba vilikuwa na kalenda moja.

Kitalu chake cha malisho ni kama hekta 600, kwenye tambarare za Kongwa, chini ya milima ya Kiboriani. Ni nchi ileile ambayo Waingereza walikuja kulima karanga mwaka 1947 kwa matrekta na fedha nyingi, na kufikia 1951 wakawa wameshaacha. Mvua haikutosha, na udongo ukikauka unagonga kama tofali. Mzee alisema ardhi hii ni ya majani, na majani yana kiasi chake: hekta nne hadi tano kwa ng'ombe mmoja. Ndiyo maana hakuwahi kupita ng'ombe 140, hata miaka ya mvua nzuri ambapo majirani waliongeza na kumshangaa.

Madume waliingia kwa mbuguma tarehe 1 Machi na kutolewa 31 Mei, dume mmoja kwa mbuguma 25. Mimba ya ng'ombe ni siku zipatazo 283, kwa hiyo ndama walianguka kati ya Desemba na mwanzoni mwa Machi, majani yakiwa mabichi. Mbuguma akizaa Agosti anamnyonyesha ndama kwa nyama ya mwili wake mwenyewe. Anakonda, harudi kwenye joto, na mwaka unaofuata hana kitu. Mitamba, majike ambao hawajazaa, hawakuonja dume kabla ya kufika kilo 250, na alizipima kwa mkanda wa kifua, hakukisia kwa macho. Mtamba mdogo akishika mimba, nyonga hazijafunguka, na utawapoteza yeye na ndama usiku mmoja. Kila baada ya miaka mitatu dume alibadilishwa, asije akawapanda binti zake.

Siku za uzazi, kazi ya kwanza ilikuwa ya watoto wa nyumba hii. Ndama alitakiwa awe amenyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, kabla ya saa sita kupita tangu azaliwe, kwa sababu utumbo wake hupokea kinga ya mama kwa saa hizo chache tu, kisha hujifunga. Kitovu kilizamishwa chote ndani ya kikombe cha iodini; kupaka kwa pamba kulikuwa hakuhesabiki. Wajukuu wake wa miaka minane wanaijua kazi hii kuliko vijana wengi waliosomea mifugo.

Alhamisi ilikuwa ya josho, birika la kuwatumbukiza ng'ombe kwenye dawa ya kupe. Hapa Mzee alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Ng'ombe walinyweshwa kwanza, kwani mwenye kiu ataonja maji ya josho na kudhurika. Walifika asubuhi kabla ya jua kali, wakapumzishwa, wasitumbukie wakihema. Mbuguma wa mimba pevu na wenye vidonda vibichi waliogeshwa kwa bomba la mkono. Kabla ya yote alitumbukiza fimbo yenye alama kupima kina, kisha akapiga hesabu ya kuongeza. Hapo ndipo majosho mengi yanapokufa. Manyoya hushika dawa kwa wingi kuliko yanavyoshika maji, kwa hiyo kila ng'ombe anayepita anaacha josho likiwa dhaifu zaidi. Ukiongeza maji na dawa kwa kipimo kilekile cha kuanzia, baada ya wiki chache unawaogesha kwa matope, na kupe wanaobaki ndio wale waliokwishaizoea dawa. Paa likivuja, mvua moja inamaliza kazi hiyohiyo. Kundi la kwanza alilirudisha lipite tena, maana dawa hutuama chini usiku na miguu ya ng'ombe ndiyo huikoroga.

Kisha masikio. "Masikio, mwanangu," alimwambia kijana aliyesimama ukingoni na fimbo. "Usiniambie wameoga kama masikio hayakuzama." Kupe anayeleta ndigana kali hujificha ndani ya sikio, na vimelea vyake huhitaji siku tatu hadi tano za kunyonya ndipo vikomae na kuingia kwa ng'ombe. Ukiogesha kila wiki bila kuruka unawakamata wengi kabla hawajafika hapo. Wiki mbili zikipita, unachofanya ni kuua kupe ambaye kazi yake ameshaimaliza.

Hata hivyo, masika yalipokuwa makali hakuliamini josho peke yake. Alfajiri aliingia kwenye banda la ndama akiwa na tochi mdomoni. Alimshika ndama shingoni kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia vilishuka taratibu nyuma ya taya, chini ya sikio, vikabonyeza na kutulia. Tezi ya ndama mzima huisikii vizuri. Ikianza kuteleza chini ya kidole kama harage lililolowekwa, anawekwa pembeni na kipimajoto kinaingia. Zaidi ya nyuzi 39.5 asubuhi ya baridi haikuwa na mjadala: sindano ya buparvakwoni kwenye msuli wa shingo, mililita moja kwa kila kilo 20, na ya pili baada ya saa 48 kama homa haijashuka. Ukisubiri mpaka povu litoke puani, mapafu yamejaa maji na dawa hiyo ya bei unaimwaga bure. Jirani akilalamika kuwa dawa haifanyi kazi, swali la Mzee lilikuwa moja: ulimpima kilo?

Baadaye ndama wote walichanjwa. Chanjo ya ndigana ni vimelea hai vilivyogandishwa, na husafirishwa kwenye mtungi wa hewa ya naitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja unatosha ndama kati ya 30 na 40, na ukishayeyushwa ni lazima uishe siku hiyohiyo. Mwenye ndama kumi hawezi kuuagiza peke yake. Mzee alizunguka kwa baiskeli boma hadi boma na daftari hili, akiandika hesabu za watu mpaka zitimie. Kurasa hizo zipo, zimejaa majina ya majirani na namba. Pamoja na chanjo huchomwa oksitetrasaiklini, antibiotiki inayokaa mwilini muda mrefu, kwa uzito wa ndama. Ukimpunja, chanjo yenyewe inageuka kuwa ugonjwa. Kuanzia siku ya nane hadi ya ishirini hivi alipima joto la kila ndama kila asubuhi, na safu za namba zimenyooka kama mistari ya mahindi.

Ukurasa wa 2007 una wino mwekundu mwingi. Mvua za mwisho wa 2006 zilipitiliza, mbu wakajaa, na Homa ya Bonde la Ufa ikaingia Dodoma vibaya. Kondoo walianza kutupa mimba, wakafuata ng'ombe. Kwa desturi ya huku mnyama akielekea kufa huwahiwa kwa kisu, nyama isipotee. Mzee alikataa. Ugonjwa huu humpata mtu kupitia damu, kupitia mimba iliyotupwa anayoishika kwa mikono mitupu, kupitia maziwa mabichi, na kupitia mbu. Mizoga yote ilifukiwa kwenye shimo refu, mikono ikiwa imefungwa mifuko ya nailoni, na wajawazito na watoto hawakukanyaga zizini. Maziwa yalichemshwa mpaka yafure. Watu walimsema kwamba ana ng'ombe na ananyima nyama. Hasara ile ilimrudisha nyuma miaka minne, na nyumba nzima ilitoka salama. Kwangu mimi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Ada nayo ilikuwa na msimu wake. Shule hufunguliwa Januari, mwezi ambao maksai wa Kongwa ndiyo kwanza anaanza kushika nyama baada ya kiangazi. Ukimpeleka mnadani hapo unauza mifupa, na mnunuzi anakuona una shida. Mzee aliuza Juni na Julai, ng'ombe wakiwa wamefunga mafuta, akaziweka fedha za ada benki miezi sita kabla. "Maksai 3, Julai: ada," imeandikwa miaka kumi na tisa mfululizo. Kila mtoto alipozaliwa aliandikiwa mtamba mmoja, wa kike sawa na wa kiume, na uzao wote wa mtamba huyo ulifuata jina la mtoto. Binti zake walipoolewa hawakuondoka na maneno matupu. Kurasa zao zilikuwa na ng'ombe wa kuhesabika, na ndugu zao walizijua.

Kiangazi sina mengi ya kuandika juu yake, maana alikimaliza masika. Robo ya kitalu ilifungwa tangu Februari kama ngitili, malisho ya akiba ya Wasukuma, ikafunguliwa Septemba tu. Barabara ya kuzuia moto, upana wa mita kumi, ilikwanguliwa kabla ya mwisho wa Juni. Chumvi aliichanganya nusu kwa nusu na unga wa mifupa iliyochomwa, akaiweka kwenye kihori chenye kipaa. Ng'ombe akianza kuguguna mifupa porini amekosa fosforasi, na mifupa ya mizoga huweza kuwa na sumu inayolegeza miguu hadi ashindwe kusimama.

Mwandiko unabadilika katikati ya Januari. Wa kwake unaishia kwenye ndama namba 318, jike, kilo 26. Kuanzia hapo ni wa binti yake mdogo, wa mduara, na namba hazijaruka hata moja. Tarehe za Alhamisi alikuwa ameshazipanga mwenyewe hadi Desemba, na kwenye 1 Machi ameandika "madume ndani".

Mama ameniomba nimsomee hesabu kabla hajalala. Mbuguma 52. Waliozaa 44, wenye mimba watano, watatu hawakushika. Hao watatu Mzee aliwawekea alama mbele ya majina yao: Julai.