Kumbukumbu ya mradi: neno moja katika mstari wa 16

Tafsiri yangu ya Utendi wa Roland, kutoka Kifaransa cha kale, imefika fungu la 40. Ni utendi wa shujaa Roland na vita vya mfalme wake, Charlemagne (Charles), dhidi ya Waislamu wa Hispania. Toleo ninalolifuata lina mafungu 291 na mistari 4,002, kwa hiyo safari bado ndefu. Wiki hii sikwenda mbele hata mstari mmoja. Nimerudi mstari wa 16 kwa sababu ya neno *dulce*, yaani "tamu".

*Li empereres Carles de France dulce.* Mwanzoni niliandika "Kaisari Charles wa Ufaransa azizi", nikaridhika. Jumatano nilikuwa namsomea mdogo wangu kwa sauti, akanikatiza: "Kaka, hapo anasema nani?" Nikamjibu ni Marsile, mfalme Mwislamu wa Zaragoza, Hispania. "Si ndiye adui yao? Ufaransa imekuwaje azizi kwake?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikaa na ukurasa mpaka nikakubali kwamba neno "azizi" sikulitoa kwenye utendi. Lilitoka kwenye dibaji za wataalamu nilizozisoma kabla ya kuanza kutafsiri. Nikazitoa tena zote mezani, na siku nne hizi nimekuwa nazo.

Kilichotokea kweli ni kidogo. Tarehe 15 Agosti 778, jeshi la nyuma la Charlemagne lilivamiwa kwenye milima ya Pyrenees, na Einhard, mwandishi wa maisha ya mfalme huyo, anasema waliovamia ni Wabaski. Zaidi ya miaka 300 baadaye utendi unawageuza kuwa Waislamu 400,000. Mswada wake mkongwe kuliko yote uko Oxford. Francisque Michel, aliyetumwa Uingereza na waziri Guizot kutafuta miswada, aliuchapisha mwaka 1837. Ufaransa ilikuwa na miaka saba tangu iingie Algeria.

Kati ya wataalamu wa dibaji zile, anayenishughulisha zaidi ni Mfaransa Gaston Paris. Ujanani alisoma Bonn, Ujerumani, kwa mtaalamu wa lugha Friedrich Diez, akawaheshimu walimu wa Kijerumani, na tendi hizi akazieleza kuwa ni roho ya Kijerumani ndani ya umbo la Kirumi. Kisha ikaja vita ya 1870 kati ya Ufaransa na Wajerumani. Tarehe 8 Desemba, jiji la Paris likiwa limezingirwa na majeshi ya Wajerumani, alisimama katika chuo cha Collège de France kutoa mhadhara juu ya Utendi wa Roland na utaifa wa Kifaransa. Alianza kwa kusema kwamba mwenye kupinda ukweli hata kidogo kwa ajili ya uzalendo, dini au maadili hastahili nafasi katika kazi ya elimu. Kisha akaendelea kuonyesha kwamba utendi huu unathibitisha Wafaransa walikuwa taifa lenye kuipenda nchi yao tangu karne ya 11. Nimeusoma mhadhara huo mara tatu. Naamini kiapo chake kilitoka moyoni, na hilo ndilo linalonigusa: mtu mkweli, mji wake umezingirwa, anaona kwenye ukurasa kile anachokihitaji ili asikate tamaa.

Mhariri mwingine wa utendi, Léon Gautier, Mkatoliki wa dhati, hakujizuia kiasi hicho. Toleo lake la 1872 lina dibaji inayonuka moshi wa vita, na lilichapwa tena na tena, hata kwa ajili ya shule. Nadhani "azizi" yangu ilitoka kwake.

Mtaalamu wa baadaye, Joseph Bédier, aliyekulia kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, alikuja na hoja nyingine kabisa. Katika juzuu nne za 1908 hadi 1913 alisema tendi hizi hazina mizizi ya Kijerumani. Zilizaliwa kwenye njia za mahujaji, makanisani na kwa watawa, na Roland ni kazi ya mshairi mmoja. Mwaka 1915 huyohuyo alichapisha kijitabu juu ya uhalifu wa Wajerumani vitani, akitumia shajara za askari wao wenyewe. Toleo lake ndilo ninalolifuata, kwa kuwa anauheshimu mswada wa Oxford na hakupanga upya mafungu kama wahariri waliomtangulia. Kuhusu asili ya utendi simfuati. Miaka ya 1950 Mhispania Dámaso Alonso alitangaza maandishi mafupi ya Kilatini kutoka monasteri ya San Millán, ya karne ya 11, yanayomtaja Roland pamoja na Oliver, rafiki yake katika utendi. Maana yake hadithi ilikuwa inasimuliwa kabla ya mswada wa Oxford. Mtaalamu mwenzake wa Hispania, Menéndez Pidal, aliyashika maandishi hayo kutetea hoja kwamba utendi ni sauti ya umma inayopokezanwa. Hata yeye alikuwa na nchi yake moyoni: alikuwa ameipa Castile, eneo la kati la Hispania, maisha yake yote.

Neno *paien*, ambalo mshairi anawaitia Waislamu, nalo lilinisumbua. Nilijaribu "makafiri", nikakumbuka kwamba katika Utendi wa Tambuka, utendi wa kale wa Kiswahili, neno hilo wanaitwa majeshi ya Herekali, kaisari wa Rumi, yaani Wakristo. Nimeacha "wapagani", kosa la mshairi libaki lake.

Jana nimeandika upya:

*Kaisari Charles wa Ufaransa njema*
*amekuja nchi hii kutuangamiza.*

"Njema" kama tusemavyo Unguja ni njema, atakaye aje. Ni sifa iliyoshikamana na jina la nchi, na hata adui anaweza kuitamka. Nimepitia daftari na kufuta "azizi" kila nilipoiandika.

Umebaki mstari wa 2379, ambao sijaufikia. Roland yuko chini ya msonobari, anakufa, anaikumbuka *dulce France* na watu wa ukoo wake. Pale mkono utataka kuandika "azizi". Mshairi alimpa neno lilelile alilompa Marsile, nami nitaandika "njema".