Fayawoli mbili kwenye laptopu moja: jinsi nilivyotatua

Printa yetu ya Wi-Fi iligoma kuonekana kwenye laptopu yangu ya Windows 11, ilhali simu ya mke wangu ilichapisha bila shida. Nikazima ruta, nikawasha, hola.

Kumbe wiki moja kabla nilikuwa nimeweka programu ya ulinzi ya majaribio, yenye fayawoli yake, yaani mlinzi anayechuja mawasiliano ya mtandao yanayoingia na kutoka kwenye kompyuta. Ikashika usukani, ikauhesabu mtandao wa nyumbani kuwa wa umma kama ule wa mgahawani, na vifaa vyote vya ndani ikavifungia mlango.

Niliiondoa kupitia mipangilio, kisha nikatumia kifaa cha kusafisha mabaki kutoka kwa watengenezaji wake, maana programu hizi mara nyingi huacha vichujio vya mtandao nyuma. Nikawasha upya. Fayawoli ya Windows ilikuwa imejiwasha yenyewe, nikabadili mtandao kutoka wa umma kuwa wa faragha. Printa ikaamka hapo hapo, ikatema kazi ya shule ya mwanangu niliyoituma asubuhi!

Nimebaki na ya Windows. Tangu Windows XP SP2, sasisho kubwa la Windows ya zamani la mwaka 2004, huja ikiwa imewashwa, huzuia anayebisha hodi kutoka nje bila kualikwa, na haina malipo. Ila programu iliyo ndani ikitaka kutoka, kwa kawaida huiruhusu bila kuuliza. Ukitaka kuibana, fungua wf.msc, dirisha la mipangilio ya kina ya fayawoli hiyo, uandike kanuni za kutoka. Ni kazi ya subira kwelikweli, na kwa asiyeiweza, hapo naona fayawoli ya kununua inafaa.