Sauti Inayotoka Mkononi mwa Mgonjwa

Mwili wa mtu aliyenusurika ajali, moto au vita unaweza kuendelea kuziogopa sauti muda mrefu baada ya vidonda kupona. Mlango ukijibamiza, hushtuka kabla akili haijatambua kwamba ni mlango tu. Kwa sababu hiyo, nilipoziona kwa mara ya kwanza ala za muziki zilizosimikwa katika bustani ya hospitali, marimba yenye vibao virefu na kengele za mirija ya alumini, nilidhani kwamba aliyeziweka hakuwajua wagonjwa wake. Mdogo wangu, ambaye nilikuwa nikimsindikiza baada ya ajali ya gari, alizitazama kwa mbali siku tatu. Siku ya nne aligonga kibao kirefu kuliko vyote, akasubiri mlio ufifie kabisa, kisha akagonga tena.

Nilielewa baadaye kilichokuwa kikitokea. Sauti zinazomtesa mtu mwenye kiwewe ni zile zinazomvamia, ilhali mlio wa marimba ulikuja kwa amri yake, kwa nguvu aliyoipima mwenyewe, na ulikoma alipoweka kiganja juu ya kibao. Nadhani thamani ya ala hizi iko hapo hasa, na kila uamuzi wa kuzichagua na kuziweka ungepaswa kupimwa kwa kigezo hicho.

Tuanze na noti. Ala nyingi za bustanini hutengenezwa kwa ngazi ya noti tano isiyo na nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), ambayo mtunzi Mjerumani Carl Orff pia aliitumia katika kuwafundisha watoto muziki, kwa kuwa noti zake zikigongwa pamoja kwa namna yoyote hazikwaruzani. Mgonjwa hawezi kukosea, na asiyeweza kukosea hana sababu ya kuona aibu mbele ya wapita njia. Ngazi ya noti saba huruhusu nyimbo nyingi zaidi, lakini hapa hatutafuti wanamuziki.

Uzito wa sauti nao una maana. Milio mikali ya chuma, inayochomoza ghafla na kudumu hewani, yaweza kumrudisha mtu kule alikotoka. Milio mizito ya mbao, inayokufa upesi, huvumilika zaidi. Jambo la kufurahisha ni kwamba kushuka oktava nzima, yaani kupata noti ileile kwa sauti nzito zaidi, hakudai kibao cha urefu maradufu: kwa unene uleule, nyongeza ya asilimia 41 hivi inatosha. Mikwiro nayo ingefaa kuwa na vichwa vya mpira na mishikio minene, kwa maana mkono ulioungua hauwezi kukamata kijiti chembamba. Waya unaoizuia isipotee uwe mrefu kiasi cha kumfikia aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Ugumu mkubwa uko kwa majirani. Sauti niliyoichagua mimi, aliyelala dirishani hakuichagua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 uliweka desibeli 30 kuwa kikomo cha wastani wa kelele usiku ndani ya wodi, kiwango cha chini mno. Zaidi ya hayo, utafiti maarufu wa mtafiti Roger Ulrich wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo na kupewa chumba kinachotazama miti walitoka hospitalini mapema kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Bustani tayari inafanya kazi ikiwa imenyamaza, kwa hiyo ala zikae mbali na madirisha.

Wala ala si tiba kwa kuwa imesimikwa tu. Mtaalamu wa tiba ya muziki hujua lini ajibu pigo la mgonjwa kwa pigo lake na lini anyamaze. Sisi wengine huharibu kwa nia njema: muuguzi mmoja alimpigia mdogo wangu makofi, naye hakurudi pale kwa wiki nzima.

Aliporudi, aliziacha kengele zilizokuwa karibu na mlango na kwenda kwenye marimba ya mwisho, iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Alisema kwamba pale anaweza kupiga huku akiiona njia yote, na hakuna anayeweza kumjia kwa nyuma.