Simu Moja Katika Mikoko ya Chwaka

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi wangu wa darasa la tano kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka, Unguja, nilikosea mpangilio. Nilikuwa na simu moja yenye programu ya Seek, ambayo hutambua mimea na wanyama kupitia kamera, hufanya kazi bila intaneti na haimlazimishi mtoto kujisajili. Nikawaachia waitumie watakavyo. Walikimbilia kila mti, wakasoma jina la Kilatini, wakaendelea mbele. Wiki iliyofuata hakuna aliyeweza kunieleza tofauti ya mkoko na mchu, aina mbili za miti ya humo.

Safari ya pili nilichagua siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali, na simu ikabaki mkobani. Kila kundi lilitakiwa kwanza kugusa, kunusa na kuchora: mkoko uliosimama juu ya mizizi iliyopinda, na mchu unaochomoza vijizizi matopeni mfano wa penseli. Niliwaambia walambe jani la mchu, wakashangaa kukuta chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa chumvi ya bahari kupitia majani yake. Sijapata kuona somo la sayansi lililowakaa kama lile.

Bibi mmoja wa kijijini aliyekubali kufuatana nasi akawatajia kazi za kila mti, nami nikawa namrekodi: mkandaa kwa boriti na kwa gome la kutilia rangi, mlilana kwa mataruma, yaani mbavu, ya vyombo vya baharini. Alipofika kwenye muia, mtoto aliyehamia kutoka Rufiji akasema kwa adabu, “Bibi, huu kwetu tunauita msinzi.” Wenzake wakambishia. Hapo ndipo simu ilipohitajika kweli. Kwa jani peke yake programu iliishia kutaja familia ya mti tu, lakini tulipoisogeza karibu na ua jekundu ikataja Bruguiera gymnorrhiza, nikawaeleza kuwa jina hilo ni moja kwa wanasayansi wote, na kwamba muia na msinzi ni mti uleule.

Tangu hapo daftari letu lina safu tatu: jina la hapa, jina la kwingineko na jina la kisayansi. Picha zilizo wazi huzipeleka kwenye mtandao wa iNaturalist kwa akaunti yangu mwenyewe, ambako wajuzi wa miti huthibitisha au husahihisha utambuzi wetu. Safu ya pili ya mkomafi, mti mwingine wa mikokoni, bado ni tupu. Mtoto wa Rufiji ameahidi kumpigia simu bibi yake.