RF chanya peke yake haitoshi kusema ni baridi yabisi

RF (rheumatoid factor), inayopimwa kwenye damu, ni kingamwili inayoishambulia kingamwili nyingine, IgG. Mwili huitengeneza kwenye baridi yabisi, lakini pia kwenye homa ya ini C, kifua kikuu, maambukizi ya vali za moyo, ugonjwa wa Sjögren, hata kwa wazee wasioumwa chochote. Ndiyo maana kumpima RF kila anayelalamikia mgongo huleta majibu ya kupotosha, na inauma kuona mtu anabandikwa ugonjwa wa maisha kwa karatasi moja ya maabara.

Anti-CCP, kingamwili nyingine inayopimwa kwenye damu, ina uzito zaidi. Hulenga protini ambazo arginini yake (aina ya asidi amino) imegeuzwa kuwa sitrulini, na huweza kuwemo kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo chochote hakijavimba. Ikiwa juu sana, mifupa ya maungio huwa katika hatari kubwa ya kulika mapema, basi dawa zisicheleweshwe.

Angalia namba, si neno "chanya" tu. Kwa vigezo vya kutambua baridi yabisi vya 2010, vya ACR na EULAR (vyama vya wataalamu wa magonjwa ya viungo vya Marekani na Ulaya), RF au anti-CCP iliyovuka kikomo cha kawaida hupewa pointi 2. Ikizidi mara 3 ya kikomo, 3. ESR au CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini) iliyopanda huongeza 1. Zinatakiwa pointi 6 kati ya 10, kwa hiyo damu mbaya kupita zote inaishia 4. Kinyume chake, mgonjwa mwenye viungo zaidi ya 10 vilivyoathirika, vidogo vikiwemo, hupata 5. Dalili zikifikisha wiki 6 anaongeza 1. Amefika, ingawa vipimo vyake vyote vya damu ni safi. Kumrudisha nyumbani kwa sababu RF ni hasi ni kosa kubwa.

Dawa zikishaanza, hakuna haja ya kurudia RF kila kliniki. Fuatilia CRP na uhesabu viungo vyenye uvimbe na maumivu. ESR nayo inasaidia, ila hupandishwa na upungufu wa damu, ujauzito na umri. Mrija wa kipimo hicho ukiinama inapanda zaidi, na damu iliyokaa mezani zaidi ya saa 4 husoma chini kuliko ukweli.

Anayetumia tocilizumab, mojawapo ya dawa za baridi yabisi, anahitaji tahadhari ya pekee. Dawa hiyo huzuia IL-6, protini inayochochea uvimbe, ambayo ndiyo inayoliamuru ini kutengeneza CRP. Anaweza kuwa na nimonia kali huku CRP ikisoma kawaida, kwa hiyo akipata homa au kikohozi achunguzwe siku hiyohiyo, hata kama CRP haijapanda.