Nilivyojifunza kuyapima maumivu yangu

Kwa miaka miwili nilimwambia daktari "naumwa mwili mzima", na kwa miaka miwili nilirudi nyumbani na jibu lile lile: pumzika, punguza mawazo. Nina fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu ya mwili mzima, nao hauna kipimo cha damu wala picha ya kuuthibitisha. Ushahidi ni mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana bado linaniudhi neno nililoambiwa, kwamba maumivu hayapimiki.

Nilianza vibaya. Nilishauriwa niandike alama kila saa, sufuri hadi kumi. Siku ya nne nilikuwa siachi kuuhoji mwili wangu, hata usiku, na usingizi ule mdogo niliokuwa nao ukapotea. Nikabadili, nikawa naandika siku za maumivu makali tu. Baada ya miezi miwili daftari lilijaa nane na tisa. Daktari akaniuliza, "Na siku ulizoacha wazi?" Sikuwa na jibu. Nyingine zilikuwa nafuu kweli, nyingine nilichoka hata kalamu sikuigusa, na kwenye karatasi zote zilifanana.

Ndipo akanipa FIQR, dodoso linalopima jinsi fibromialjia inavyoyaathiri maisha ya mgonjwa. La awali lilitoka mwaka 1991, hili ni la 2009. Lina maswali 21 yanayohusu siku saba zilizopita, kila moja unalipa alama sufuri hadi kumi. Tisa ni ya kazi, kama kuchana nywele, kupanda ngazi, kubadili mashuka. Jumla yake unaigawa kwa tatu. Mawili ya hali kwa ujumla unayaacha yalivyo. Kumi ya dalili unayagawa kwa mbili. Ukijumlisha, alama ya juu kabisa ni 100, na kadiri inavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya.

Lakini sita ni nini hasa? Hapa nilipata ujanja ninaojivunia mpaka leo. Nyuma ya karatasi niliifunga kila alama na tendo. Nywele: sufuri, nachana bila kufikiri, tano, napumzisha mkono katikati, kumi, nachanwa na mtu mwingine. Maumivu: nne, nikiwa na kazi nayasahau, saba, sifuati tena mazungumzo. Tangu hapo saba ya leo ni saba ya mwezi uliopita. Karatasi ya wiki iliyopita siitazami kabla sijamaliza, maana ukiiona unainakili. Najaza Jumapili jioni, na wiki ya hedhi naiwekea nukta, kwa sababu kwangu alama hupanda kila mara.

Miezi mitatu baadaye nilitoka 71 hadi 58. Maumivu yenyewe yalibaki saba! Kilichoshuka zaidi ni swali la usingizi, kutoka tisa hadi nne, na uchovu ukafuata. Bila karatasi zile ningeapa kwamba dawa niliyokuwa natumia haifanyi kitu, na ningeiacha.

Daktari alizipanga mezani, akazisoma moja moja. Hakuniambia nipunguze mawazo. Aliniuliza asubuhi naamkaje, kisha tukazungumzia mazoezi ya kutembea.