Wekundu wa Amani
Binamu yangu anasoma Boston, Marekani, na kila Oktoba ananijazia simu picha za misitu. Sikatai, inapendeza. Miti ya mepo huanza kuwa myekundu kaskazini mwa jimbo la Vermont mwishoni mwa Septemba, kisha rangi inateremka kusini. Barabara anayoisifia mno ni Kancamagus, kule milimani New Hampshire. Kyoto, Japani, huchelewa hadi nusu ya pili ya Novemba, wakati Vermont imeshabaki vijiti vitupu.

Juzi akanichokoza: “Kaka, nanyi Tanga mna nini?”

Tuna mikungu, kwanza. Zunguka Raskazone utaiona: majani mapana yanageuka manjano, rangi ya chungwa, mwishowe damu ya mzee, ndipo yanadondoka. Wala hayangoji baridi. Watoto wanayakanyaga tu, macho yao yako kwenye kungu.

Misaji ya msitu wa Longuza, wilayani Muheza, nayo hupukutika kiangazi, lakini hiyo siihesabu. Kahawia tupu, na jani kubwa likikanyagwa linapiga kelele utadhani umevunja sahani.

Uzuri wetu hasa uko kwenye jani changa. Kule Vermont siku zikifupika na baridi ikianza, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Kijani kinapofifia, manjano iliyokuwemo tangu mwanzo inaonekana, na wekundu unatengenezwa mwishoni kabisa. Sisi jani linazaliwa nalo jekundu. Panda Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, kutokea Muheza, utazame midalasini kwenye mashamba ya wanavijiji: machipukizi yanatoka mekundu, laini, yanang'aa, kisha polepole yanakuwa kijani. Hata mwembe wa uani kwako hufanya hivyo. Ni rangi ileile, anthosayanini, na inasaidia kulikinga jani dhidi ya jua kali wakati bado halijakomaa.

Anayetaka kuona mlima mzima umebadilika itabidi atoke mkoani kwetu. Septemba na Oktoba, mvua hazijanyesha bado, misitu ya miyombo kati ya Mikumi na Iringa huchipua rangi ya shaba, waridi na nyekundu. Mabasi yanapita pale kila siku na abiria wamelala!

Lakini Amani ndiyo ninayompendekezea binamu. Aondoke Muheza asubuhi, maana ukungu ukishuka haoni kitu, na kama mvua imenyesha usiku asithubutu na gari dogo.